"Natoka York": Siku Nane Nyuma ya Joe

Siku ya kwanza, Rockville

Fomu ya viza ya Marekani ina swali ambalo wengi wetu tunalipita haraka: je, umewahi kutumia jina lingine lolote? Nilijaza "hapana" nikaendelea. Fomu ya Kanada nayo ikaniuliza vilevile, nikajibu vilevile. Ni baada ya kupanda ndege ndipo swali lile lilinirudia, kwa sababu safari yangu yote ni ya kumfuata msichana wa miaka 15 ambaye aliishi kwa jina la kubandika, na jina hilo ndilo lililomwokoa.

Aliitwa Ann Maria Weems. Usiku wa Jumapili, tarehe 23 Septemba 1855, kabla ya saa sita, alitoweka kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa hapa Rockville, jimbo la Maryland. Nimefika kwa treni ya mjini kutoka Washington, mstari mwekundu, nimeketi kwenye kiti cha dirishani na nakala ya tangazo la kumtafuta mapajani.

Tangazo lenyewe ni fupi. Bwana wake, Charles Price, aliahidi dola 500 kwa atakayemkamata. Akaeleza: ana miaka kama 15, rangi yake ni ya maji ya kunde iliyofifia, ana madoadoa madogo usoni, mwembamba, nywele nyingi zinazoelekea rangi ya mchanga. Wazazi wake ni watu huru, wanaishi Washington. Ni dhahiri alichukuliwa na mtu mwenye gari la farasi, huenda mzungu.

Nililisoma mara ya kwanza kama mwalimu wa historia. Leo, nikiwa Rockville, nimelisoma kama anayewindwa, na ni karatasi nyingine kabisa. Kila neno linakwambia kitu cha kuficha: nywele, umri, wazazi, usichana wako.

Wafadhili walikuwa wamechanga fedha hadi Uingereza ili kuikomboa familia hii, na baadhi ya ndugu zake walinunuliwa wakawa huru. Price alikataa kumuuza huyu. Usiku alimlaza chumbani mwake, yeye na mkewe wakiwa humo humo, ili asipate upenyo. Sijui neno la kuelezea binti wa miaka hiyo kulala chini ya macho ya aliyemmiliki, usiku baada ya usiku. Nimeliacha.

Niseme pia kwa nini nimekuja. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alitoroka nyumbani kwao. Alikuwa na sababu, na sababu zile ni zake. Nilikutana naye kwa bahati karibu miaka miwili baadaye, amebeba mtoto wa watu mgongoni, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ambayo walimjua kwa jina jingine na umri mwingine. Nilimwita kwa jina lake. Hakugeuka. Nikaita tena, kwa sauti, kama ninavyoita darasani. Akaongeza mwendo.

Nililala usiku ule nikiwa nimeumia, nikidhani amenidharau. Hilo la kuumia linanisumbua mpaka leo.

Siku ya pili, Washington

Asubuhi nimepitia North Bethesda, kwenye jumba la makumbusho la Josiah Henson lililofunguliwa mwaka 2021. Henson alikuwa mtumwa kwenye shamba lililokuwa hapo, baadaye akatoroka kutoka Kentucky na mkewe na watoto mwaka 1830, akafika Kanada. Nimeona ramani ya safari yake ukutani na nikajua nitakutana naye tena mwisho wa njia.

Mchana nimesimama mbele ya Ikulu, White House. Barabara ya Pennsylvania imefungwa kwa magari upande huu tangu 1995, hivyo unaweza kusimama katikati ya lami bila kuogopa. Watalii wanapiga picha. Hapa ndipo Ann Maria alipopanda gari la farasi mchana kweupe, mwezi Novemba 1855, amevaa suruali, koti na kofia, yuko kwenye nafasi ya mwendesha gari. Jina: Joe Wright. Rais Franklin Pierce alikuwa anaishi ndani ya nyumba hiyo nyuma ya uzio.

Kati ya kutoroka Rockville na siku hiyo ilipita miezi miwili hivi. Alifichwa mjini humu humu, mji ambao wazazi wake waliishi na ambao tangazo liliutaja kwa jina. Hii ndiyo sehemu ambayo simulizi nyingi huiruka kwa sentensi moja. Watu wanapenda kuanzia kwenye kofia na farasi. Mimi nafikiri kazi kubwa ilikuwa kwenye ile miezi miwili: kujifunza kukaa kama mvulana, kutembea bila kushika sketi isiyokuwepo, kuitwa Joe mpaka sikio likubali. Nguo unavaa kwa dakika tano tu.

Aliyemfichia njia ni wakili wa mjini, Jacob Bigelow. Na yeye alikuwa na jina la bandia. Barua zake kwenda Philadelphia alizitia saini "William Penn", na ndani yake binadamu aliandikwa kama bidhaa ya kusafirishwa. Alikuwa na sababu. Chini ya Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850, aliyemsaidia mtoro aliweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi 6. Kamishna aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia. Nimelazimika kuisoma mara mbili hiyo, ingawa nimeifundisha.

Neno letu "mtoro" nalo linanijia hapa. Leo tunalitumia kwa mtoto anayekwepa shule, tunaliandika kwenye rejista bila kufikiri. Zamani, pwani, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro walikuwa na vijiji vyao. Miaka mingapi nimeandika neno hilo kwa kalamu nyekundu mbele ya majina ya watoto?

Siku ya tatu, barabarani

Basi hadi Philadelphia, yapata kilomita 220. Mwendo wa saa tatu na nusu, pamoja na foleni. Joe na mwenzake walitumia siku kadhaa.

Mwenzake alikuwa Daktari Ellwood Harvey, mwalimu katika chuo cha udaktari cha wanawake huko Philadelphia. Alipokea jukumu la kwenda na gari lake mpaka Washington na kurudi na "mwendesha gari" mpya. Maryland yote ilikuwa jimbo la watumwa, na farasi lazima apumzike. Ikabidi walale kwa mkulima aliyefahamiana na daktari zamani, mtu anayemiliki watumwa.

Fikiria usiku huo. Kwa desturi ya nyumba, kijana mtumwa angelala na watumwa wengine wa kiume. Daktari akasema anasumbuliwa na kizunguzungu usiku, anahitaji Joe alale chumbani mwake kumwangalia. Wakakubali. Kwa hiyo binti aliyekuwa akilazwa chumbani mwa bwana wake ili asitoroke, sasa alilala chumbani mwa mwanamume mwingine ili aendelee kutoroka. Daktari alikuwa mtu mwema, kumbukumbu zote zinasema hivyo. Lakini yeye Ann Maria, usiku wa kwanza, angejuaje?

Nimelitazama dirisha la basi mpaka giza. Mashamba, maghala, maduka makubwa ya kando ya barabara kuu. Sina zaidi ya kuandika.

Siku ya nne, Philadelphia

Leo nimeamka mapema kwa ajili ya mlango mmoja.

Uko Mtaa wa Delhi, kusini mwa katikati ya jiji. Nyumba nyembamba ya matofali kati ya nyumba nyembamba za matofali. William Still na mkewe Letitia waliishi hapo kati ya 1850 na 1855, na jiji liliiweka kwenye orodha ya majengo ya kihistoria mwaka 2018. Watu wanaishi ndani, hivyo nimekaa upande wa pili wa mtaa, nisiwe kero.

Still alikuwa mtu huru mweusi, karani katika ofisi ya chama cha kupinga utumwa, na kiungo kikuu cha mtandao ulioitwa Reli ya Chini ya Ardhi. Haikuwa reli wala haikuwa chini ya ardhi. Ilikuwa nyumba, vibanda, makanisa, mabehewa, na watu waliojua kunyamaza.

Joe alifikishwa nyumbani kwa akina Still Novemba ile, siku ya sikukuu ya Shukrani. Still mwenyewe hakuwepo. Daktari akamwambia mama mwenye nyumba kwamba anamwacha kijana huyu kwa muda mfupi na atarudi kuulizia habari zake, kisha akaondoka bila maelezo zaidi. Still aliporudi alimkuta kijana amekaa na watu wengine, pamoja na mwanamke mwingine aliyekuwa naye katoroka. Akamuuliza: nadhani wewe ndiye ambaye daktari alikwenda kumchukua Washington?

Hapana, akasema Joe.

Basi unatoka wapi?

Natoka York, bwana.

York ni mji wa Pennsylvania. Still akashangaa. Akasema mbona daktari alikwenda mahsusi kumleta msichana aliyevalishwa kiume? Kijana hakujibu. Akasimama, akatoka nje ya nyumba. Still akamfuata. Walipobaki wawili tu, ndipo Joe aliposema: mimi ndiye aliyefuatwa na daktari.

Still alimuuliza kwa nini alikana. Akaeleza kwamba daktari alimwagiza asikiri kwa mtu yeyote isipokuwa kwa Still peke yake, na swali liliulizwa mbele ya watu. Kujibu ndiyo kungekuwa kuvunja ahadi.

Tazama alipo. Yuko Pennsylvania, jimbo lisilo na utumwa. Yuko ndani ya nyumba ya mtu mweusi, mezani kwa watu weusi, mmoja wao mtoro kama yeye. Anaulizwa kwa upole na mtu ambaye anajua kila kitu. Kila kilichomzunguka kilimwambia salama. Na bado akasema York, akatoka nje. Alikuwa na miaka 15.

Nimekaa kwenye ngazi za mtaa huo nikimfikiria mwanafunzi wangu akiongeza mwendo, mtoto akiruka mgongoni mwake. Sikumwita faraghani. Nilimwita barabarani, mbele ya watu waliomjua kwa jina jingine, kwa sauti ya mwalimu. Nilimuuliza swali mbele ya watu. Naye alitoka nje ya nyumba kwa namna aliyoweza, isipokuwa mimi sikumfuata. Nilikwenda zangu nikiwa nimekasirika.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Still ambalo nalibeba kuondoka nalo. Mwaka 1850 aliingia ofisini kwake mwanamume wa makamo kutoka Alabama akitafuta wazazi wake, hajui hata jina la ukoo wao vizuri. Still alimsikiliza, na kadiri simulizi ilivyoendelea akatambua kwamba wazazi hao ni wake pia. Alikuwa kaka yake, Peter, aliyeachwa utumwani kabla William hajazaliwa. Baada ya hapo Still akaandika kumbukumbu za waliopita mikononi mwake kwa uangalifu wa pekee: jina la zamani, jina jipya, umri, alikotoka, alioacha nyuma. Kwa sheria ya 1850, daftari lile lilikuwa ushahidi wa kumfunga. Alilificha, kisha mwaka 1872 akalichapisha kama kitabu kinene. Mengi ninayoyajua kuhusu Joe yametoka humo.

Jina la bandia lilimficha mtu asipatikane na mwindaji, lakini lilimficha pia na mama yake. Bila mtu mmoja wa kuandika majina yote mawili kwenye ukurasa mmoja, watu kama Peter wangepotea mara ya pili.

Siku ya tano, Brooklyn

Treni fupi hadi New York. Mvua.

Joe alipelekwa Brooklyn, nyumbani kwa Lewis Tappan, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa ameongoza utetezi wa mahakamani wa Waafrika walioasi kwenye meli ya watumwa ya Amistad, kuanzia 1839. Kutoka hapo alikabidhiwa kwa Mchungaji Amos Freeman wa kanisa la Siloam, kanisa la Wapresbiteri weusi lililoanzishwa 1849. Kanisa bado lipo, Jefferson Avenue, si kwenye jengo lile la zamani. Nimelikuta limefungwa, nikasoma bango lake la ibada nikiwa chini ya mwavuli.

Freeman ndiye aliyesafiri naye hatua ya mwisho. Mchungaji mweusi na kijana wa kiume mweusi, wameketi kwenye behewa. Nadhani hapa kwa mara ya kwanza Joe alisafiri na mtu ambaye, kwa macho ya abiria wengine, angeweza kuwa baba yake.

Siku ya sita, njia ya reli

Treni inaitwa Maple Leaf. Inaondoka New York asubuhi, inafuata mto Hudson upande wa kaskazini, kisha inakunja magharibi: Albany, Syracuse, Rochester, Buffalo. Siku nzima kwenye kiti. Mto uko karibu kiasi kwamba upande wa kushoto unaona maji tu, kama vile treni inaelea.

Kwa nini hawakubaki Philadelphia, au Brooklyn, wakapumzika? Sheria ile ya 1850. Mwindaji wa Maryland aliweza kumchukua popote kwenye ardhi ya Marekani, iwe jimbo huru au la. Kila kituo kilikuwa makazi ya siku chache. Utumwa ulikomeshwa kwenye makoloni ya Uingereza kuanzia Agosti 1834, kwa hiyo usalama ulikuwa ng'ambo ya mto Niagara.

Na mto huo ulikuwa na daraja jipya. Daraja la kuning'inia la John Roebling lilianza kupitisha treni Machi 1855, miezi minane au tisa tu kabla ya Joe kufika. Lilikuwa na urefu wa mita 250 kutoka nguzo hadi nguzo, juu treni, chini magari ya farasi. Wahandisi wengi walikuwa wamesema haliwezekani, treni nzito kwenye nyaya. Kwa hiyo binti huyu, ambaye pengine hakuwahi kupanda treni kabla ya mwezi ule, alivuka kwenye moja ya kazi za kihandisi zilizozungumzwa sana duniani wakati huo. Mwaka mmoja baadaye Harriet Tubman, mtoro aliyekuwa akiwatorosha watumwa wengine, alipitisha kundi lake hapo hapo, na mmoja wao aliitwa Joe, Joe kweli, mwanamume mzima. Inasimuliwa kwamba alikataa kuinua kichwa kutazama maporomoko mpaka alipoambiwa daraja limekwisha.

Daraja la sasa ni la chuma, lilichukua nafasi ya lile la kwanza mwaka 1897 pale pale. Treni inapunguza mwendo kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Jua lilikuwa limezama. Chini kabisa, mto mweusi wenye mistari meupe ya povu. Mzee niliyeketi naye aliendelea kusoma gazeti. Mimi nilihesabu sekunde, nikasahau kuhesabu.

Upande wa Kanada tulishuka wote na mizigo. Ofisa alichukua pasipoti yangu, akatazama picha, akanitazama, akatamka jina langu kamili, yote matatu, akiyavunja vunja. Nikaitika. Sijawahi kuitika kwa uangalifu kama ule.

Siku ya saba

Toronto hadi Chatham kwa treni. Mashamba tambarare yaliyovunwa. Nimelala njia nzima.

Siku ya nane, Dresden

Hakuna treni kutoka Chatham, nimechukua teksi, kilomita kama 25. Mji mdogo, mto Sydenham ukipita pembeni. Kwenye eneo hili Josiah Henson, yule wa siku ya pili, alisaidia kuanzisha makazi ya watoro yaliyoitwa Dawn na shule yake mwanzoni mwa miaka ya 1840. Makumbusho yenye jina lake iko hapa pia, na kaburi lake. Alifariki 1883. Nilifika jioni, milango imefungwa, ila makaburi hayafungwi.

Huku ndiko Freeman alikomleta Ann Maria, kwa jamaa zake waliotangulia kutoroka. Walikuwa wamekata tamaa ya kumwona tena. Walimtambua. Akaitwa kwa jina lake na mtu aliyelijua tangu zamani, na safari hii hakuwa na sababu ya kusema York.

Sitaki kuchora pepo. Desemba 1949, wapiga kura wa Dresden hii hii waliulizwa kama wanataka sheria ya mji ya kuzuia migahawa kuwabagua watu weusi. Waliokataa 517, waliokubali 108. Wajukuu na vitukuu vya watoro walikuwa wamekaa hapa zaidi ya karne moja na bado walifukuzwa kwenye viti vya mgahawa. Walipigana, wakashinda mahakamani miaka ya 1950. Dereva wangu, mzungu wa umri wangu, aliijua habari hiyo yote. Alinisimulia bila kuulizwa, mikono juu ya usukani, gari limesimama.

Nilipobaki peke yangu makaburini nilitoa simu. Namba ya mwanafunzi wangu niliipata mwaka jana, kupitia kwa dada yake. Nimeihifadhi kwa jina la shuleni. Tangu nilipoipata sijawahi kuitumia, kwa sababu kila ujumbe niliouanza ulianza na jina hilo.

Safari hii niliandika: "Ni mimi, mwalimu wako wa historia. Siku ile barabarani nilikosea kukuita vile mbele ya watu. Naomba unisamehe. Ukipenda tuzungumze, niambie nikuite nani."

Kwake ilikuwa usiku wa manane. Nikarudisha simu mfukoni, nikamfuata dereva aliyekuwa ameniwashia taa ili nione njia. Tulikuwa tumekaribia Chatham simu ilipolia.

"Shikamoo Mwalimu. Uko peke yako?"

Nikajibu ndiyo.